Kitasa janja cha mlango wa mbele: shika futi kabla ya simu

Mama alitoka saa kumi na moja alfajiri kuchungulia kama maji yanatoka bombani. Kanga moja kifuani, mguuni ndala za mjukuu. Mlango ukarudi wenyewe nyuma yake, ukalia "pii", ukajifunga. Akabandika kidole, kitasa kikakataa. Akabandika tena na tena mpaka kikanyamaza kabisa, maana vitasa hivi ukikosea mfululizo hugoma kwa dakika kadhaa. Vidole vya mama vimelima, vimemenya mihogo na kufua kwa mkono karibu miaka hamsini, na mistari yake imelika. Namba ya siri aliandikiwa kwenye karatasi, na karatasi ilikuwa ndani, juu ya friji. Alimgongea dada yangu dirishani mpaka mbwa wa mtaa mzima wakaamka.

Kitasa chenyewe, cha kufunguka kwa kidole, namba au simu, kilikuwa kizima. Dada alikichagua mtandaoni kwa picha na rangi, akalipa, kisha ndipo akaanza kuuliza kama kitaingia mlangoni kwake. Siku hizi kila anayeniuliza anunue kitasa gani namwambia aniletee kwanza vipimo vya mlango na orodha ya wanaoishi humo. Jina la kampuni na programu ya simu ni mambo ya mwisho.

Hatua ya 1: Amua ni mlango upi

Maelekezo yanayokuja kwenye boksi yameandikwa kwa nyumba yenye mlango mmoja wa mbele. Nyumba ya kawaida Tabata, Mbagala au Nyali ina miwili kwenye fremu moja: grili ya chuma inayofungukia nje, na nyuma yake mlango wa mbao unaofungukia ndani. Ukiweka kitasa janja kwenye mbao huku grili ukiendelea kuifunga kwa kufuli kila unapotoka, ufunguo haujaondoka mfukoni. Umeongeza kazi tu.

Wengine hukipeleka kitasa kwenye grili yenyewe. Fundi wa kuchomelea anatengeneza kisanduku cha bati nene, na kitasa cha kubandika kinakaa humo. Inawezekana, ila kitasa kinabaki juani na mvuani, na mtu anaweza kupitisha mkono katikati ya nondo akabonyeza kitufe cha ndani. Mimi hupendelea mlango wa mbao ubebe kitasa janja kwa matumizi ya kila siku, grili ipate komeo la kufunga kwa ndani usiku, na kufuli litoke kabatini mnaposafiri. Kama mtaa wenu hauruhusu grili kuachwa wazi hata mchana, ahirisha ununuzi, hela hiyo iende kwenye taa ya nje.

Ukishaamua, pima nafasi kati ya grili na ubao. Kitasa janja pamoja na mkono wake hutokeza sentimita 6 au 7, na grili nyingi zimechomelewa karibu zaidi ya hapo. Nimeshuhudia fundi akikata nondo mbili kwa grainda huku mwenye nyumba kashika kichwa.

Mlango wa flashi, ule mwepesi wenye uwazi katikati, usiutwishe kitasa cha bei. Ukiupiga teke, ubao utapasuka na kitasa kitabaki kizima. Na kama nyumba yako iko Mji Mkongwe, Zanzibar, yenye mlango wa nakshi, usiuguse kwa drili. Tafuta mlango wa ndani.

Hatua ya 2: Chukua vipimo vitano, kwa milimita

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa hiyo usikimbie. Fungua mlango, simama ukiutazama ubavuni, na uwe na kalamu.

Kwanza, unene wa mlango. Vitasa vingi hukubali kuanzia milimita 35 au 40 hadi 50 na ushee. Mlango wa mninga uliotengenezwa na fundi wa mtaani unaweza kukaribia au kuvuka hapo, na skrubu za kwenye boksi zikawa fupi.

Pili, kutoka ukingo wa mlango hadi katikati ya tundu la ufunguo. Hiki ndicho kipimo kinachoua biashara. Mara nyingi utakuta 50, 55 au 60. Milango ya alumini na vioo ina fremu nyembamba, kwa hiyo huwa chini sana ya hapo na inataka kitasa chembamba cha aina yake.

Tatu, kutoka katikati ya mkono hadi katikati ya tundu la ufunguo. Vitasa vingi vya mtindo wa Ulaya ni 72 au 85. Vingi vinavyotoka China kwa milango ya chuma ni 68. Ukiona dukani kitasa kimeandikwa 6068, hizo ni namba mbili zilizobandikwa pamoja: 60 ya ukingoni, 68 ya mkono na ufunguo. Sasa unajua cha kumwuliza muuzaji, na atakuheshimu.

Nne, urefu na upana wa lile bati lililo ubavuni mwa mlango. Bati jipya likiwa fupi kuliko la zamani litaacha shimo la kuziba kwa kipande cha mbao.

Tano, upana wa sehemu iliyo bapa. Milango yetu ya paneli ina mapambo, na sahani ya kitasa janja huwa na upana wa sentimita 7 hivi. Ikikaa nusu kwenye bapa na nusu kwenye ukingo wa paneli itayumba, na maji yatapita nyuma yake.

Kuna ndugu aliye Marekani atakayekwambia "nakutumia cha huku, ni imara." Mshukuru, kisha mtumie picha ya ubavu wa mlango wako. Cha kule huingia kwenye tundu la duara la milimita 54, na kitovu chake kinakuwa milimita 60 au 70 kutoka ukingoni. Mlango wako una mfuko mrefu uliochimbwa kwa patasi, na tundu la duara likipita juu ya mfuko huo, ubao unabaki ganda.

Hatua ya 3: Mlango ufunge kwa kidole kimoja

Funga mlango kwa kusukuma na kidole kimoja, kisha zungusha ufunguo. Kama lazima uusukume kwa goti, au uunyanyue kidogo kwa mkono ndipo ufunguo uzunguke, mota ya kitasa haina goti. Itahangaika, itakula betri, na usiku mmoja itaishia nusu njia huku simu ikikuambia mlango umefungwa.

Sababu ni chache. Bawaba zimelegea na mlango umeinama, au masika yameingia na mbao imevimba, au tundu la kwenye fremu halilingani. Kujua ni ipi, paka wanja au chaki kwenye ncha ya komeo, funga, zungusha ufunguo, fungua. Alama iliyobaki kwenye bati la fremu itakuonyesha komeo linagonga wapi. Fundi seremala ataranda ubavu, ataongeza bawaba ya tatu, au atapanua tundu kwa tupa. Ukipima kiangazi, acha nafasi ya milimita 3 hivi kati ya mlango na fremu, kwa kuwa mvua zitakuja.

Mwombe pia abadilishe skrubu za lile bati la fremu. Zinazokuja na kitasa huwa fupi kama kucha. Weka za sentimita 5 au zaidi zinazozama kwenye mbao ya fremu. Ni matengenezo ya bei ya soda, na yanamsumbua mwizi kuliko taa zote za buluu za kitasa.

Hatua ya 4: Tazama kinachotoka ubavuni

Dukani, kabla ya kugusa vitufe, tazama ubavu wa kitasa. Kuna ulimi, ile ncha iliyokatwa mshazari inayorudi ndani ukiigandamiza. Na kuna komeo, pande la chuma lililo butu lisilorudi ukilisukuma likishatoka. Vitasa vingi vya bei ya chini hufunga kwa ulimi peke yake. Ulimi unaweza kurudishwa kwa kadi ngumu ya plastiki pale fremu inapokuwa na uwazi. Unataka komeo, na unataka kujua linatokaje: kwa mota lenyewe, au mpaka unyanyue mkono wa kitasa juu kila ukitoka. Cha kunyanyua mkono ni sawa, mradi watu wote wa nyumbani wakumbuke. Watoto hawatakumbuka.

Uliza ufunguo wa chuma uko wapi. Kitasa kisicho na tundu la ufunguo usikinunue kwa mlango pekee wa kuingilia, hata kikiwa na kamera na sauti ya kukukaribisha. Tundu lenyewe mara nyingi hufichwa chini ya kifuniko, na humo ndimo viwanda hubania: silinda, kile kipande kinachoingia ufunguo, huwa dhaifu ya kufunguka kwa urahisi nyuma ya uso wa kioo. Vile vya kiwango cha Marekani huandikwa ANSI/BHMA, Grade 1 ikiwa juu na Grade 3 chini. Silinda za Ulaya hupimwa kwa kiwango cha EN 1303. Muuzaji asipojua, soma mwenyewe kwenye boksi.

Kwa upande wa ndani, mkono wa kitasa ukiugusa mara moja mlango ufunguke, bila namba wala ufunguo. Moto ukiwaka usiku hakuna atakayekumbuka namba.

Hatua ya 5: Mpe kila mtu njia yake

Rudi kwenye orodha ya wanaoishi humo. Kidole ni kitamu kwa kijana wa ofisini. Kwa fundi ujenzi anayeshika saruji kutwa, kwa mama lishe, kwa wazee, na kwa watoto wadogo ambao vidole vyao bado vinakua, kitasumbua. Hina iliyokolea kwenye ncha za vidole nayo inaweza kuleta shida wiki ya harusi. Kama unaweza, nenda dukani na yule mwenye vidole vigumu kuliko wote, ajaribu mara kumi. Kikikubali mara saba tu, achana nacho. Siku ya kusajili, sajili vidole viwili vya kila mtu, kimoja cha kila mkono, kwa sababu siku utakayojikata na kisu ni siku utakayobeba mizigo.

Namba ya siri ndiyo mkombozi wa wengi. Tafuta kitasa kinachokuruhusu kuchanganya tarakimu za uongo kabla na baada ya zile za kweli, ili jirani aliyesimama nyuma yako asijue ipi ni ipi. Futa vitufe mara kwa mara. Mafuta ya vidole yakikaa kwenye tarakimu nne zilezile, mwenye macho ataona. Kila mtu awe na namba yake. Dada wa kazi apewe ya kwake, anayekuja kufundisha watoto ya kwake, na anayeondoka namba yake ifutwe siku hiyohiyo, bila ugomvi na bila kubadilisha za wengine. Kwa kweli faida hii peke yake inanitosha mimi kukubali gharama ya kitasa.

Kadi na vishikizo vya funguo ni rahisi kwa wazee, ila vya bei ya chini vinavyotumia masafa ya kHz 125 hunakiliwa kwa kifaa kidogo kwa dakika moja. Hata kadi za MIFARE Classic, ambazo bado ziko kila mahali, watafiti wa Chuo Kikuu cha Radboud, Nijmegen, Uholanzi, walionyesha mwaka 2008 kwamba ulinzi wake umevunjika. Mpe mama kadi kama inamsaidia. Usimwachie mlinzi wa maegesho.

Halafu kuna kujifunga kwenyewe, kulikomwacha mama nje. Karibu vitasa vyote vina mpangilio wa kuzima hali hiyo au kurefusha muda wake. Nyumba yenye watu mchana kutwa, izime hali hiyo mchana.

Hatua ya 6: Umeme ukikatika

Swali la kwanza la kila mtu ni hili, na jibu lake ni jepesi: kitasa janja hutumia betri, hakijui kama TANESCO wamekata. Mara nyingi ni betri nne au nane ndogo za AA, au betri moja ya litiamu ya kuchaji. Kitakachozimika ni ruta, na hapo kufungua ukiwa mbali kutasimama, lakini kidole, namba na kadi vitaendelea.

Tofautisha na ile sumaku ya juu ya mlango wanayofungiwa wapangaji wa maghorofa. Hiyo hushika kwa umeme muda wote, na umeme ukiondoka inaachia. Bila betri ya akiba, mgao ukianza mlango uko wazi kwa kila mpita njia. Ukipewa nyumba yenye sumaku, uliza betri iko wapi na ilibadilishwa lini.

Tumia betri za alkali. Zile za redio za dukani kwa Mangi huisha upesi na huvuja, na maji yake hula vishikio vya shaba. Usichanganye za zamani na mpya. Za kuchaji za volti 1.2 hudanganya kitasa kisome chaji imepungua wakati bado ipo, kwa hiyo fuata kitabu chake.

Angalia chini ya kitasa upande wa nje: kuwe na tundu la chaji la Type-C, au vidoti viwili vya kugusisha betri ya mraba ya volti 9. Betri zikifa kabisa, unachomeka benki ya chaji ya simu, unaandika namba, unaingia. Jaribu hapohapo dukani, na kebo uliyonayo begani.

Hatua ya 7: Je, unahitaji intaneti?

Wengi hawahitaji. Nyumba inayoendeshwa kwa bando la simu haina ruta inayowaka muda wote, na kitasa cha Wi-Fi humo kitakuwa kinatafuta mtandao na kumaliza betri. Bluetooth inatosha kusajili watu na kusoma nani aliingia saa ngapi. Wi-Fi ni ya anayepangisha vyumba kwa wageni wa usiku mmoja, au aliye Muscat na nyumba yake iko Tanga. Hata hapo, viko vitasa vinavyokubali namba ya muda iliyotengenezwa kwenye simu yako popote ulipo, bila kitasa chenyewe kuwa hewani. Kwa mazingira yetu, mimi ningeanza na hivyo. Ukichagua Wi-Fi, hakikisha ruta yako inarusha masafa ya GHz 2.4, maana vingi havioni ya 5.

Wadukuzi wapo, ingawa mwizi wa mtaani bado anapendelea nondo. Agosti 2016, kwenye mkutano wa wadukuzi wa DEF CON mjini Las Vegas, watafiti wa usalama Anthony Rose na Ben Ramsey walieleza kwamba katika kufuli 16 za Bluetooth walizojaribu walifungua 12. Baadhi zilikuwa zikirusha nywila hewani bila kuificha. Mwaka uliofuata kampuni moja ya Marekani ilituma sasisho la programu kwa kufuli zisizolingana nalo, na kama 500 zikagoma, nyingi zikiwa kwenye nyumba za kupangisha wageni. Ndiyo maana nashikilia ufunguo wa chuma.

Hatari iliyo karibu zaidi ni fundi mwenyewe. Akimaliza kufunga, ataunganisha kitasa na simu yake "ili kujaribu", atafungua akaunti kwa namba yake, kisha atakukaribisha wewe kama mtumiaji. Hapo mwenye mlango ni yeye. Akaunti ifunguliwe kwenye simu yako, kwa barua pepe yako, na yeye asimame pembeni. Namba kuu ya kiwandani, ambayo kwa vitasa vingi ni 123456, ibadilishwe kabla hajakusanya vifaa vyake.

Hatua ya 8: Kwa walio karibu na bahari

Mbezi Beach, Kigamboni, Bamburi, Paje: hewa ya chumvi hula vitasa. Chuma cha stenlesi cha daraja la 316 ndicho kinachovumilia, cha 304 hupata madoa ya kahawia, na aloi ya zinki iliyopakwa rangi huanza kuvimba mapele. Beba sumaku ndogo. Ikinata kwa nguvu kwenye kile kinachoitwa stenlesi, uwezekano mkubwa ni ya daraja la chini. Soma pia alama ya IP: tarakimu ya kwanza ni vumbi, ya pili ni maji. IP65 inafaa mlango unaopigwa na mvua, na IP54 inatosha chini ya varanda.

Hatua ya 9: Dukani, kisha siku ya kufunga

Iwe Kariakoo au kwa kuletewa, boksi lifunguliwe mbele yako. Kuwe na funguo mbili au zaidi, karatasi ya kuwekea alama za matundu, skrubu na bati la fremu. Pata risiti yenye jina la modeli, na uulize silinda na bodi ya ndani vinapatikana peke yake. Duka lisilouza vipuri linakuuzia kitasa kingine mwakani.

Fundi abandike ile karatasi mlangoni na mpime tena pamoja kabla ya tundu la kwanza. Akichimba kwenye mninga, aanze na drili nyembamba. Vumbi la mbao lipulizwe lote, lisiingie kwenye mota. Waya wa katikati usibanwe na sahani, kosa hilo hufanya kitasa kife siku ya pili. Kila jaribio lifanyike mlango ukiwa wazi: kidole, namba, kadi, kisha ufunguo peke yake betri zikiwa zimetolewa. Mara ishirini. Baada ya hapo ndipo ufungwe, mmoja akiwa ndani.

Kitasa cha zamani usimpe fundi, kiweke stoo na skrubu zake. Ufunguo mmoja wa chuma upeleke kwa ndugu wa mtaa wa pili. Tarehe ya kuweka betri iandike kwa kalamu kwenye kipande cha gundi ya karatasi, uibandike ndani ya kifuniko chake. Na mama umwandikie namba yake nyuma ya simu.